Trekta Nililoliua kwa Mdomo

Shemeji, usicheke kwanza. Lile trekta kuukuu la bustani la fundi cherehani limenitokea puani.

Bei aliyotaja ilikuwa ya haki kabisa. Mimi nikataka nusu.

Nikaliponda. Nikasema injini inakohoa hadi kuku wa jirani wameacha kutaga. Nikasema hili ni maiti, bwana. Maiti.

Akaniamini. Shemeji, AKANIAMINI. "Basi siwezi kumuuzia rafiki maiti," akasema, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyekuwa pale akisikiliza.

Nikamfuata huyo hadi kwake. Akaliwasha, likanguruma papo hapo. Akataka mara mbili ya bei ya fundi.

Nikalalamika. Akanijibu, "Mzee, si ulisema limekufa? Kufufua nako kuna gharama."

Nimelipa. Usimwambie dada yako.