Mtoto Anacheza?

Jumatatu, 2 Juni

Habari yangu ya bei ya dagaa imekwenda redioni kabla ya saa nne. Nimekula muhogo, kisha muhogo tena. Kichefuchefu kimekwisha, sasa ni njaa. Ngozi ya tumbo inawasha. Sketi ya kazini haifungi, nimeibana kwa pini. Wiki ya ishirini.

Leo watu watatu wameniuliza kama mtoto anacheza: dereva wa bodaboda wa hapa Gungu, mpishi wa kantini, mhariri wangu. Wote nimewajibu ndiyo.

Si kweli. Sijasikia kitu.

Alhamisi, 5 Juni

Mama mkwe amekuja kutoka Ujiji na chupa ya mafuta ya mawese na samaki wakavu, migebuka. Baada ya shikamoo tu, mkono tumboni. Ameuacha hapo.

"Huyu anamchezea nani, mwanangu? Mimi sioni kitu."

Nimesema amelala. Akasema basi ni mvivu kama baba yake. Mume wangu amecheka. Mimi pia.

Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Misuli ya miguu inakaza. Hayo kliniki walinitajia. Walitaja pia kucheza. Mwezi uliopita kila mama kwenye benchi alisema wake ameanza, nami nikasema wangu pia. Nesi akaandika. Kwa hiyo hakuna mwenye wasiwasi ila mimi.

Jumapili, 8 Juni

Nimeweka maikrofoni ya kazini tumboni, hedifoni masikioni. Nimesikia gesi. Nimefuta rekodi.

Jumatatu, 9 Juni

Kijijini Kagunga kwa boti, habari ya wavuvi. Mama mmoja anayeanika dagaa aliniona nikishuka.

"Dada mwandishi, mmekuja wawili. Umelipa nauli ya mmoja?"

Ufuo mzima ulicheka.

Kurudi, injini inatikisa ubao, ubao unanitikisa mimi. Kila nikidhani ni yeye, ni injini. Nimehoji watu na sikumbuki jibu hata moja. Haijawahi kunitokea.

Naogopa amekufa. Ndilo jambo lenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Kliniki, bila kusubiri tarehe yangu. Nimemwambia nesi nilichosema mwezi uliopita hakikuwa kweli.

"Hajawahi kucheza, dada. Hata mara moja."

Hakunifokea. Akaweka pembe ya kusikilizia tumboni, akahamisha, akahamisha tena. Sijui ni muda gani. Kisha, sikio likiwa bado kwenye pembe, akaanza kugonga meza kwa kidole. Haraka haraka. Ndivyo moyo wa mtoto unavyokwenda.

Akanipeleka altrasaundi. Nimeuona mguu ukirusha teke. Kondo la nyuma limekaa mbele, kati yake na ngozi ya tumbo langu, kama godoro. Anapiga godoro. Nesi amesema nisiposikia kitu hadi wiki ya ishirini na nne, nirudi. Akishaanza, kisha akapunguza, nije siku hiyo hiyo.

Nimelia chooni. Nimenawa, nimerudi kazini.

Jumamosi, 14 Juni

Nimempigia mama mkwe, nimemweleza yote.

"Nilijua," amesema. "Nilikuwa nakusubiri useme."

Bado natembea ndani ya nyumba kama ninayetafuta funguo.

Jumanne, 24 Juni

Nimeketi barazani nikihariri sauti za Kagunga. Kitu kimesukuma chini, kushoto. Nimezima mashine. Kimya. Kikasukuma tena. Nimesubiri mara ya tatu. Ikaja.

Jirani alikuwa anapita na ndoo. Akauliza kama wote, bila kusimama: mtoto anacheza?

Nimesema ndiyo.