Ushuhuda wa Goti Mupya

Kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, Malawi, siku ya ine

Kwako yaya Nyota, dada yangu mukubwa, wa tumbo moja na mi,

Yambo sana. Uko muzuri? Ile pumzi yako yenye inakusumbuaka wakati wa vumbi, imepunguka? Shamba inaleta? Batoto banasoma? Sisi huku tungali, tunakula nsima, ugali ya hapa, tunaiita bukari kama kwetu, na tumbo inajifanya haijui tofauti.

Nakuandikia kwa karatasi juu simu haina siri. Ile siku ulipiga, nyumba ilikuwa imejaa bantu ya kanisa, njo maana nilikujibu kwa sauti kubwa: "Nimepona kabisa, kesho nacheza mupira!" Yaya, ule ulikuwa uongo. Sijapona. Nina hasira toka asubui mpaka jua kuzama, na mutu wa kumukasirikia ni mi mwenyewe.

Operasyo ilikwenda muzuri, hapo sina neno. Madaktari bageni balikuja kwa hopitali moja ya Lilongwe, bakachagua bagonjwa wachache, na mi ndani. Daktari mukubwa alipofungua goti yangu aliita benzake wote: "Kujeni muone mufupa!" Musumeno ulitoa cheche. Muke wangu anasema nilikuwa usingizini, niliona namna gani? Nikamujibu kwamba mutu kama mi halalaka usingizi yote. Balitoa ile mifupa yenye ilisagika, bakaweka chuma, na kipande cha plastiki katikati. We njo unajua peke yako kwamba goti iliharibika siku niliiba baiskeli ya baba nikashuka nayo mulima bila fren ya kuisimamisha. Hapa banajua ni kiboko ya muto Mutambala. Usiniharibie jina.

Shida ilianza kiisha operasyo. Kuna dada mumoja wa Malawi, kazi yake ni kukunjisha bantu magoti. Sauti yake ndogo, mikono yake ya mupasua mawe. Anakuambia "Pepani, bambo", maana yake pole, baba, na hapohapo anasukuma. Mi, mutu aliyetembea kwa miguu toka Fizi, kule Kongo, na gunia kichwani, nilimuita mama yetu marehemu mara tatu.

Akaniambia: "Chuma tumeweka sisi. Kukunja ni kazi yako, mara tatu kwa siku. Ukiogopa maumivu, nyama itashikana ndani, mguu utabaki kama mupini wa jembe."

Anataka goti ikunje mpaka iwe kama pembe ya meza. Juma ya sita toka operasyo ikifika kama haijakunja mpaka pale, batanilaza tena usingizi, baikunje kwa nguvu. Na hata hivyo, alisema, hakuna ahadi. Yaya, mashini yangu ya kushona ni ya kukanyaga. Goti isipokunja, siko fundi tena. Niko mutu mwenye kukaa pembeni ya mashini.

Sasa sikia ujinga yenye nilifanya. Kanisa ilikuwa imeniombea, na unajua desturi yetu: ukiombewa, unasimama mbele unatoa ushuhuda. Ukinyamaza, banasema umekula baraka peke yako. Juma ya pili nilienda na bekiyi zangu mbili, zile fimbo za kwapani, kusema asante tu, nikae. Lakini mbele yangu alisimama Mama Furaha, muimbaji wa korali, akasema nyonga yake imepona, akaruka, akaruka tena. Kanisa nzima ikalia kwa furaha. Yaya, unanijua. Nikashikwa na wivu.

Zamu yangu ilipofika nikasema maumivu yote yameisha. Nikatupa bekiyi chini, pa! Nikatembea toka mimbari mpaka mulango. Ngoma ilipigwa, kina mama bakapiga vigelegele. Kila hatua nilikuwa naona giza, na meno yangu yote iko inje nacheka.

Toka siku ile bekiyi zikalala chini ya kitanda. Bantu balikuja kuangalia muujiza: asubui kina mama, muchana bazee, kiisha korali. Mama muchungaji alileta muto laini, akaiweka chini ya goti kwa heshima. Mguu ukabaki pale umetulia kama mufalme, mi natabasamu. Kukunja mbele yao sikuweza, juu nikikunja nalia, na nikilia nimemufanya Mungu muongo. Goti ikavimba, ikawa gumu kama udongo wa kiangazi.

Juma ya ine tulirudi Lilongwe. Kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba bantu, mguu ulinyooka pembeni kama bunduki, hata mbuzi zikapisha njia. Toka Lumbadzi nilichukua viti viwili vya minibus, mguu wangu peke yake kimoja. Yule dada akapima, akaandika, akapima tena. Ile kupima ya pili ilinitisha kuliko mikono yake.

"Bambo, unakunja?"

"Sana."

"Mara ngapi?"

"Mara kumi kwa siku."

Akamutazama muke wangu. Muke wangu akatazama ukuta, kiisha akasema: "Hakunji. Anatoa ushuhuda."

Dada alicheka kidogo, kiisha hakucheka tena. "Amebakisha juma mbili," akasema. "Na ule muto uondoke leo."

Njiani muke wangu aliniambia: "Mungu hakukutuma. Ulitaka tu kumushinda Mama Furaha." Mi nikahesabu miti ya njiani mpaka tukashuka.

Siku ya Mungu nikatoa bekiyi chini ya kitanda, nikaingia nazo kanisani, ko, ko, ko, kila shingo ikageuka. Nikasimama, nikasema: "Goti haijapona. Mi njo nilisema uongo, siyo Mungu. Inauma vibaya. Na mutu asije tena kunitembelea muchana, nina kazi." Mumoja nyuma akasema "Amina" kwa mazoea. Pasta akakohoa. Hakuna ngoma, yaya. Nilirudi kwa benchi, masikio inaniwaka.

Kesho yake Mama Furaha akaja na robe, nguo yake ya kanisa, ya kushona, yenye haikupasuka mahali popote. Akakaa, akaigeuzageuza.

"Fundi," akasema, "hii nyonga yangu..."

"Inauma?"

"Toka niliporuka."

Tulicheka mpaka akashika nyonga na mi nikashika goti. Alikuwa anaangalia bekiyi zangu. Nilitaka kumuazima moja, muke wangu akasema kutoka jikoni: "Hata usijaribu."

Sasa imebaki juma moja. Toka jana goti imeongeza labda upana wa vidole viwili. Sijui kama itafika. Uniombee, lakini kwa sauti ya chini.

Unisalimie shemeji mwenye mutumbwi, mama mukwe wako, mama mudogo mwenye kuuza mandazi, na batoto bako bote, ubaambie mjomba wao iko hai. Barua hii anakuletea mama mumoja wa biashara anayerudi Uvira. Umupe maji ya kunywa.

Nakomea hapa juu muke wangu amesimama mulangoni na taulo ya kuvutia mguu, anasema saa imefika. Dirisha iko wazi, bazee ya kanisa banapita. Nilimuambia aiache wazi. Nitalia, yaya, na basikie.

Mudogo wako,
Fundi Wilondja