Mbegu za Vilima Thelathini na Viwili

Jumatatu, 8 Aprili 2019

Matokeo ya vinasaba vya mimea yetu yamefika. Nimeyasoma mara tatu, nikaenda kunywa maji, nikarudi kuyasoma tena. Vilima thelathini na viwili, kutoka kusini hadi kaskazini kabisa mwa nchi. Mimea ya vilima kumi na tisa haina tofauti hata moja. Si kwamba inafanana — ni ile ile! Vinasaba herufi kwa herufi, na vilima vyenyewe vimeachana kilomita mia tisa.

Nimechanganya vichupa. Lazima ni mimi.

Berit wa maabara kasema amewaona wengi wakichanganya vichupa, ila si kumi na tisa kwa mpigo. Nimeshindwa kucheka.

Alhamisi, 2 Mei

Tulirudia kila kitu. Pakiti nyingine kutoka kabati la msimamizi wangu, Profesa Sixten, mbegu alizokusanya kiangazi cha 2008. Berit alisimama pembeni, akaandika kila namba mwenyewe.

Kumi na tisa. Zile zile.

Ndiyo maana mimea yake yote ilichanua siku moja mwaka juzi! Nikalaumu taa za chumba cha kuoteshea.

Jumatatu, 6 Mei

Nimelinganisha na magugu ya aina hii yaliyochumwa hapa mjini na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mmea huu hujichavusha wenyewe, kwa hiyo ukoo mmoja hukaa mahali pake bila kubadilika. Sampuli zetu kumi na tisa zimelingana na za sehemu moja tu: ukuta wa maegesho ya hospitali.

Nimekwenda. Upo, kwenye nyufa, maua meupe madogo. Nikakaa chini pale pale kati ya magari.

Nikamweleza Berit. Akasema Gunvor, mke wa Profesa, alilazwa hospitali hiyo kiangazi chote cha 2008. Saratani. Alizikwa Septemba.

Sikujua. Miaka mitatu nakula na Profesa chakula cha mchana, sikujua.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda kwa Profesa. Alitengeneza kahawa, akakata mkate wa mdalasini, akaiona karatasi yangu ya matokeo mezani. Hakuuliza ni ya nini.

Alisema vilima kumi na vitatu alifika kweli. Kisha hospitali wakampigia simu, akageuza gari.

"Gunvor alitaka twende wote, Tuva. Akawa anachagua vilima kwenye ramani, kitandani. Mimi nashuka chini, nachuma mbegu ukutani, nampandishia. Yeye anaandika jina la kilima kwenye pakiti. Tulifika mpaka kaskazini namna hiyo."

Nikauliza kwa nini hakuzitupa.

"Zina mwandiko wake."

Basi angeziweka nyumbani! Badala yake akazitia kwenye kabati la kazini, akaandika makala, akazigawa kwa maabara kumi na moja. Na mimi natetea tasnifu yangu ya mbegu hizo tarehe ishirini na nne. Tasnifu ipi sasa?

Nilitaka kumfokea. Nikaosha vikombe. Hakuniomba nifiche. Afadhali angeniomba, ningejua la kumjibu.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika chooni, kwenye sherehe ya Profesa ya kustaafu. Watu sitini. Mkuu wa idara alimsifu kwa uaminifu wake — neno hilo hasa! — nikaangalia viatu vyangu.

Zamu yangu ya kuhutubia ilikuwa inafuata. Nilikuwa nimeandika mistari mitano isiyosema kitu. Sixten akasimama kabla yangu. Akaomba keki isubiri. Akasema kuna vilima kumi na tisa hakuwahi kuvikanyaga, na kwamba aliyegundua ni mimi, na mimi sina kosa.

Uma wa mtu ukaanguka.

Akatoa karatasi mfukoni, orodha ya majina ya vilima hivyo. Alisoma la kwanza. Kwenye la pili sauti ikakatika, akajaribu tena, haikutoka. Akanyoosha mkono, akanipa.

"Nisaidie, mwanangu."

Nikaomba dakika moja, nikakimbilia huku. Orodha ninayo. Hakuinakili. Ni ya zamani, wino wa buluu, mwandiko si wake, ni wa Gunvor, na kwenye majina ya kaskazini kabisa herufi zinalegea, zinateremka nje ya mstari.

Berit anagonga. Anasema Sixten bado amesimama, amekataa kiti, ananisubiri nisome —