Mitungi Sita Nyuma ya Nyumba ya Magurudumu

Kayanga,
Jumanne, baada ya mvua

Daudi,

Shikamoo sikupi. Umenitangulia kaburini, sawa, lakini kuzaliwa nilitangulia mimi. Mama yako alinieleza mwenyewe kwamba siku uliyozaliwa mimi nilikuwa tayari nachapwa kwa kupoteza mbuzi wa watu. Kwa hiyo hata huko uliko, ukiniona nakuja, wewe ndiye utakayeinama.

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike. Nakuandikia kwa penseli yako, ile uliyokuwa ukiandikia hesabu za mizigo kwenye mlango wa gari. Niliichukua nyumbani kwako bila kuomba. Usinitazame hivyo. Herufi zangu uzivumilie, maana misheni nilikaa miaka miwili, wa tatu mwalimu akanikuta naigiza anavyotembea.

Habari za hapa si nzuri. Mvua imekuja na imelaza migomba yako miwili ya pembeni. Fimbo yako bado imeegemea mlangoni, mkeo Elizabeti hataki iguswe. Jumapili nilikwenda kula kwake kama kawaida. Tangu mke wangu afe, unajua, ile sahani ya Jumapili kwenu ndiyo chakula pekee ninachokula nikiwa nimekaa na mtu. Akaniwekea ndizi na maharage, akakaa mbele yangu, akasema, "Shemeji, nikuulize kitu. Siku ile alikunywa?"

 Nikasema, "Shemeji, hayo ni ya zamani."  Akaniongezea maharage.

Ndiyo maana nakuandikia. Kuna jambo tulikuwa tunalipita kila siku, mimi na wewe, kama shimo la barabarani ambalo kila mtu amelizoea. Miaka sita tumelipita. Sasa umeniacha nalo peke yangu.

Unakumbuka ile nyumba ilivyofika? Bwana Mpimaji, yule Mzungu wa kupima ardhi, aliletewa kutoka Bukoba nyumba nzima juu ya magurudumu mawili, ina dirisha, ina pazia, ina mlango wa kufunga kwa ufunguo. Kayanga yote ilikuja kutazama. Mimi nikasema kwa sauti, "Jamani, Wazungu nao wamekuwa konokono!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wewe hukucheka. Wewe ulikuwa umechuchumaa chini, unatazama matairi, unasoma kile kibati kilichoandikwa uzito. Nilikuwa utingo wako, utingo mwenye mvi kuliko wote wa njia ile, na nilikuona ukipangusa kibati kwa kidole cha mate kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

Bwana Mpimaji alitaka landrova yake iivute nyumba mpaka Nyaishozi. Lori lililoileta lilikuwa limeharibika springi. Ukamwambia, nasikia sauti yako hata sasa, "Bwana, kuvuta itavuta. Hata ng'ombe wanne watavuta. Mimi naogopa kushuka. Kwenye mteremko gari halivuti tena nyumba. Nyumba ndiyo inasukuma gari."

Akasema hakuna gari jingine. Basi ukaomba mizani ya kahawa.

Daudi, wewe ulikuwa mtu wa kuchosha. Siku nzima! Ulitoa vitu vyote vya Mzungu nje, ukavipima kimoja kimoja pale wanapopimia kahawa, na kila kitu ulikihesabu kwa magunia. Sanduku la mawe yake ya kupimia, gunia moja na nusu. Kitanda cha chuma, gunia kasoro. Beseni la kuogea mligombana juu yake nusu ya asubuhi, yeye anasema haliwezi kubaki, wewe unasema, "Bwana ataoga kwa ndoo, au atazikwa akiwa msafi." Nilidhani atakupiga. Akacheka. Beseni likabaki, mawe yakabaki, kitanda kikabaki, vyote visubiri lori. Ukaandika mlangoni kwa penseli hii, ukapiga mstari, ukasema, "Hapo. Landrova inaweza kuizuia nyumba hii. Isizidi hata debe la maharage."

Halafu ukanifundisha pua. Ule mkono wa chuma wa mbele, unaofungwa kwenye gari, wewe uliuita pua. Ukasema uzito wa ndani ukae mbele kidogo ya magurudumu, pua ilalie gari. Ukiweka uzito mkiani pua inanyanyuka, na nyumba itatikisa gari kama mbwa anavyotikisa panya. Ukasema, "Kila asubuhi kabla ya kufunga, inua pua. Ukiinua kwa mikono miwili na mgongo ukalia, tunakwenda. Ukiinua kwa mkono mmoja, hatuondoki." Nikakuuliza kama mgongo wa mzee nao umo kwenye hesabu. Ukasema mgongo wangu ndio mizani ya bei rahisi kuliko zote Karagwe.

Kesho yake asubuhi Bwana Mpimaji akatangulia kwa pikipiki. Wewe ukaenda kanisani kusali, maana hukuwahi kuwasha injini bila kusali. Ukaniachia ufunguo wa nyumba.

Sasa nisikilize. Najua unajua, lakini hujawahi kunisikia nikisema.

Mwanangu Thomas alikuwa anaoa Nyaishozi. Wakwe walitaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, mitungi sita. Na rubisi ya wakwe inakwenda vichwani mwa wanaume wa ukoo, polepole, mchana, ili kila mtu njiani aulize inakwenda kwa nani. Ndugu zangu nilikuwa nimewatania wakanichukia, hakuna aliyetaka kunibebea. Kichwa changu ni kimoja. Nikatazama ile nyumba ya Mzungu. Inakwenda Nyaishozi. Ina pazia.

Niliweka mitungi sita kule nyuma kabisa, kwenye kichumba cha kulala cha Mzungu. Nikaikaza kwa mikungu minane ya ndizi isigongane. Nikafunika kwa blanketi. Nikacheka peke yangu, Daudi, nikiona wakwe watakavyoshangaa kuona pombe yao inashuka kutoka kwenye nyumba ya Mzungu kama bibi harusi.

Ukarudi. Ukapanda kwenye usukani. Mimi nikaenda mbele ya nyumba, nikainua pua.

Ilipanda kwa mkono mmoja. Ilipanda kama mfuniko wa chungu.

Ukaniuliza kutoka dirishani, kama ulivyoniuliza kila siku, "Pua?"

Nikasema, "Nzito."

Ukasema, "Haya, twende."

Hukushuka kuhakikisha. Mtu aliyepima mpaka sufuria ya Mzungu, neno langu hakulipima.

Tambarare tulikwenda vizuri, nikaanza hata kuimba. Ule mteremko ulipoanza nikasikia nyumba inanong'ona nyuma yetu, halafu ikavuta kushoto, ikavuta kulia. Ukaondoa mguu kwenye mafuta. Ikazidi. Ukasema bila kugeuza kichwa, "Umepakia nini?" Nikasema, "Hakuna kitu." Hapo ndipo uliponitazama. Mara moja tu. Mpaka leo sijui lile jicho niliiteje. Halikuwa la hasira. Ulikuwa unapiga hesabu.

Halafu barabara ikawa juu na mbingu ikawa chini.

Mimi nilitupwa kwenye migomba, nikachubuka kiwiko. Kiwiko tu! Wewe mguu ulivunjika sehemu mbili. Na nyumba ikapasuka kama yai, na harufu ya rubisi ikajaa bonde zima. Watu walipofika hawakuuliza jambo jingine. "Dereva amelewa." Wewe, mzee wa kanisa, ambaye tangu ubatizo hukuonja hata tone! Bwana Mpimaji alirudi na pikipiki yake, akanusa, akavua kofia, akakaa chini.

Unajua mimi nilikuwa wapi? Mtungi mmoja ulikuwa umeviringika salama mpaka kwenye shina la mgomba. Nilikuwa naufunika kwa majani makavu. Ndugu yangu analia kwa mguu, mimi nafunika mtungi.

Wakakulaza kwenye machela. Wakakuuliza pombe ni ya nani. Ukasema, "Mimi ndiye dereva. Kilichomo ndani ni changu." Ukafumba macho, usije ukanitazama wakaona.

Nilijiambia nitasema ukipona. Ukapona, ukatoka na fimbo. Nikajiambia nitasema Thomas akishaoa, wakwe wasije wakavunja. Akaoa. Ukaja harusini unachechemea, ukanywa maji, ukamwambia mkwe wangu kwamba Thomas anatoka nyumba ya watu wa kweli. Nilitoka nje nikaenda kukojoa, na sikuwa na mkojo.

Kazi wakakunyima. Uzee wa kanisa wakakuvua. Vijana wa kwenye ghala la kahawa wakakupa jina, Daudi Rubisi. Na mimi mtani wako, siku moja walipokuita hivyo nikiwepo, nikacheka pamoja nao. Hata nikaongeza lawama zangu mwenyewe, nikasema uliipima nyumba ya Mzungu ukasahau kupima tumbo lako. Walicheka sana. Ulikuwa umesimama karibu. Ulitabasamu, ukaniambia, "Twende, mzee, jua linachoma."

Nimekuwa mcheshi maisha yangu yote, Daudi. Ile siku nilijisikia nanuka.

Sasa nikusimulie ulivyorudi nyumbani mara ya mwisho, maana ulikuwa umelala. Mfanyabiashara mmoja wa Muleba alitupa kigari chake kidogo na trela lake la kubebea kahawa, tukutoe hospitali ya Nyakahanga. Watu wakaanza kupakia. Kina mama na vikapu vya ndizi za msibani, mwingine na chungu, vijana watatu wamekaa mkiani na miguu inaning'inia. Nikapandwa na wazimu. Nikawashusha wote. "Shuka! Vikapu mbele! Wewe mwenye makalio, tembea!" Mama mmoja akasema, "Waitu, jamani, mzee huyu hata msiba hauheshimu." Nikamwacha aseme. Jeneza lako nikalisogeza mbele kidogo ya magurudumu kama ulivyonifundisha. Ulikuwa umekonda mno kwa maradhi. Nilipolisukuma nilitegemea uzito, mikono ikapitiliza. Hukufika gunia la kahawa, Daudi. Na siku ulipokuwa mzima nilikuwa nakuambia landrova inainama upande wako.

Nikainua pua kwa mikono miwili. Mgongo ukalia. Tukaenda kwa hatua ya mtu, na kwenye kila mteremko nilitembea nyuma nimelishika trela, kana kwamba mimi naweza kuzuia kitu.

Kaburini mzee wa kanisa akasema ndugu yetu alikuwa mwema, ingawa alikuwa na udhaifu wake ambao Mungu amesamehe. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeshika jembe. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Elizabeti aliniona. Ndiyo maana Jumapili aliniuliza.

Basi Jumamosi hii tunamaliza matanga. Watakuja wote, wa kanisa, wa ghala la kahawa, na wakwe zangu wa Nyaishozi nao wametuma habari kwamba wanakuja. Ule mtungi ninao. Miaka sita umekaa nyuma ya kitanda changu, sijawahi kuutilia kitu. Jana nimeuosha, nikaujaza maji, nikaupandisha kichwani kujaribu. Shingo imelia, lakini imebeba.

Nakuahidi hivi. Jumamosi nitautoa kwangu mchana, jua likiwa juu, nipite nao mbele ya ghala la kahawa polepole, ili kila mtu aulize unakwenda kwa nani. Nitauweka mbele ya miguu ya Elizabeti, na nitasema ulikuwa wa nani, na mitano mingine ilikuwa ya nani, na nani aliinua pua kwa mkono mmoja. Sitatia mzaha. Ukisikia nimetia mzaha, njoo unichukue palepale.

Najua Thomas ataona aibu mbele ya wakwe. Najua sahani ya Jumapili itakwisha, na ni haki yake Elizabeti kuikata. Nimeyahesabu hayo yote, moja moja, kama ulivyokuwa ukifanya. Hakuna la kubaki nyuma kusubiri lori.

Lala, mtani. Fimbo yako nitaomba wanizike nayo, uje unidai mwenyewe.

Na kabla sijaondoka, niulize tena. Niulize kama siku ile, kutoka dirishani, bila kushuka.

Nzito, Daudi. Safari hii ni nzito kweli. Twende.

Mzee mwenzio, utingo wako,
Baba Thomas