Sauti Ndani ya Mzinga wa Baba

Stesheni, Itigi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mkweo Agnesi hatuumwi, ila usingizi umetukimbia na nitakueleza sababu. Mguu wako umepoa? Mbuzi wanapata maji? Na wewe Marita, mdogo wangu, unayemsomea mama, soma yote. Usiruke hata pale utakapoogopa.

Nimesikia kwamba lori la kuhamishia watu kijiji kipya cha ujamaa linakuja huko Mgori, na wewe umemjibu balozi wa nyumba kumi kwamba hutoki, eti humwachi baba peke yake kaburini. Mama! Watabomoa nyumba yetu ya tembe na wewe umo ndani, na mvua ndiyo hiyo inakuja. Nilikasirika, kisha nikalia, kisha nikaona heri nikuandikie jambo ambalo hata mchungaji sijamwambia.

Unaukumbuka mzinga wa baba, ule wa gogo la mninga, ambao nyuki waliuhama siku ile tuliyomzika? Niliuleta huku juu ya basi, nikidhani nitapata nyuki wa Itigi. Wapi! Hakuingia hata mmoja. Ukabaki umelala nyuma ya jiko.

Sasa, mkubwa mmoja wa stesheni alipohamishwa aliniuzia gramafoni yake ya betri. Mashine nzuri, lakini sauti yake, loo! Nyembamba, kali, kama mbu sikioni. Agnesi akanicheka, "Mume wangu, waimbaji wako hawajala tangu juzi." Fundi wetu wa simu, Hamisi, akasema spika isiyo na sanduku sauti yake inapotelea hewani, niitafutie kitu chenye tumbo. Ndipo nikaukumbuka mzinga. Nikaifunga spika mdomoni mwake. Mwanzo ikavuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Nikajaza vipande vya blanketi kuukuu, naongeza, napunguza, mpaka gitaa zito likasikika vizuri na sauti ikajaa, ikapata joto. Majirani wakaja na vigoda vyao. Nilijivuna kweli, mama, usinicheke.

Halafu Agnesi akauliza, "Huyu mzee anayeguna nyuma ya muziki ni nani?"

Nikamjibu ni blanketi. Nikabadili santuri, bado anaguna. Nikazima mashine, nikachomoa betri. Akaendelea, mama, kwa chini, vile baba alivyokuwa akiguna akirina asali. Nikatoa spika, nikatoa blanketi lote, nikaingiza mkono hadi begani. Hamna kitu, hata mende. Ila kulikuwa na joto mle ndani, kama kitandani mtu akiwa ndio kwanza ameamka. Nikautoa mkono haraka.

Jumapili baada ya ibada Agnesi alikuwa anapepeta uwele karibu na ule mzinga, mara akaniita huku analia. Mkweo ni Mgogo, hajui Kinyaturu hata cha salamu, wala baba hakuwahi kumwona. Lakini aliyarudia maneno aliyoyasikia, neno kwa neno, Kinyaturu kile cha kwetu: "Chukua jembe twende, jua linatuacha."

Nani mwingine alikuwa akikuamsha hivyo? Nikakaa chini. Naogopa, mama, sikufichi. Hamisi, aliyesikia habari kwa Agnesi, alipokuja kuuchukua mzinga akauchome, nilimfukuza kwa maneno mabaya, Mungu anisamehe. Mtu ninayefanya naye kazi kila siku! Lakini nitamchomaje baba yangu?

Basi nakuomba, wala si kukuamuru. Lori likifika, panda. Beba mbuzi, beba jiwe lako la kusagia, mwachie Marita mizigo mizito. Nikipata ruhusa nitakuja kukuchukua hapo kijiji kipya, tuje wote huku usikie mwenyewe kwa masikio yako.

Nisalimie shangazi, dada yake baba, na umwambie habari hizi taratibu kwa sababu ya moyo wake. Nisalimie mjomba mchunga ng'ombe, na bibi yetu mkunga. Balozi naye msalimie, asikufokee, wewe si mtoto.

Mama, huyo unayemlinda hayupo huko tena. Yuko huku jikoni kwangu, na tangu jana anakuulizia wewe tu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Yohana