Bao Lisilopigiwa Ngoma

Kwa Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, kile kikohozi ulichokilalamikia kimekwisha, na yule msimamizi wako mkali ama amepungua ukali ama amehamishwa. Sisi afya zipo. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo humsumbua akipanda ngazi. Baba naye ni mzima wa mwili. Nimeandika wa mwili kwa makusudi, utanielewa mbele. Mimi niko palepale kiwanda cha mikate, bado naitwa Kiberiti, na bado nanuka hamira hata siku ya mapumziko.

Kaka, kaa kitako kabla hujaendelea kusoma. Timu inaondoka. Sisemi imeshuka daraja, hilo tungelizoea. Inahamia mji mwingine, yenyewe na wachezaji wake na jina lake, na uwanja wetu utavunjwa yajengwe maghala. Siku iliposemwa redioni nilikuwa nimebeba trei ya mikate ya moto, nikaduwaa nayo mikononi mpaka vidole vikaungua. Hata leo nikipita pale getini najiona kama naota.

Unamkumbuka Tajiri alivyoingia, maana ulikuwa bado hujasafiri. Wiki ileile aliyoinunua timu alikuja hapa kwetu, akakataa kiti cha maana, akakalia kile kigoda kibovu, akanywa chai kwenye kikombe kikubwa cha Mama na kuomba aongezwe. Baba akaitoa ngoma ya tawi letu la mashabiki chini ya ngazi. Wewe unajua heshima ya ile ngoma. Kila bao letu hupigiwa yenyewe, na mtu akishaweka kiganja juu yake akaapa, basi, amekwisha kusema, harudi nyuma. Tajiri aliweka viganja vyote viwili. Akaapa kwamba akiwa hai timu haitatoka mji huu. Baba nusura alie.

Tangu hapo ilikuwa marufuku kumsema Tajiri vibaya ndani ya nyumba hii. Alipomuuza nahodha, Baba alisema mwenye timu ana mipango yake. Alipotufungia geti tusitazame mazoezi, Baba alisema wachezaji wanahitaji utulivu. Mabenchi ya upande wetu yalipobanduka rangi na Tajiri asijali, Baba alichukua brashi zake mwenyewe, mzee mzima aliyekwisha kustaafu ufundi rangi, akayapaka yote kijani bila kuombwa na mtu. Mama akamwambia akimaliza mabenchi ampake na Tajiri haya kidogo usoni. Baba akanuna siku hiyo, hata chakula akala mgongo umegeuzwa.

Sasa habari ile ilipotangazwa, Baba aliizima redio. Akaiwasha tena, kana kwamba ikiwashwa upya itasema mengine. Kisha akasema yule mtu aligusa ngoma. Hakuna kingine alichosema. Tunakula, anasema yule mtu aligusa ngoma. Mama anamuuliza kama aongezwe mchuzi, anasema yule mtu aligusa ngoma. Sijawahi kumwona Baba akishindwa kuamini kitu namna ile.

Tulikutana kwa Kinyozi, ambaye siku hizi ndiye katibu wa tawi. Akatueleza kwamba bado kuna mlango mmoja haujafungwa. Shirikisho lilikuwa halijatoa ruhusa ya kuhama. Wangeleta wakubwa wao kwenye mechi ya mwisho ya msimu, waone wenyewe kama mashabiki wako pamoja na mwenye timu au wamemkataa, ndipo waamue. Kinyozi akatoa wazo: asiende mtu. Hata mmoja. Wakubwa wakute mabenchi matupu na upepo. Tulishangilia mpaka vioo vikatikisika. Baba akaileta ngoma, ikawekwa juu ya kiti cha kunyolea, tukapita mmoja mmoja kuigusa na kuapa. Mimi niliigusa kwa hasira mpaka ikalia, watu wakacheka, wakasema huyo ndiye Kiberiti.

Siku ya mechi Baba alivaa fulana yake ya kijani, akavuta pazia, akakaa sebuleni na ngoma katikati ya miguu. Redio hakuiwasha. Alisema kusikiliza nako ni kuingia. Nilimuaga nikamwambia nimeitwa kazini, tanuri limeharibika. Akanipa pole.

Sasa sikia kilichotokea, kama kinavyosimuliwa mji mzima. Uwanja ulijaa! Ulijaa pomoni, Kaka, kuliko siku tuliyochukua kombe. Kila mtu anakuambia yeye hakuvunja kiapo, alikwenda tu mara moja kuutazama ulivyo mtupu, roho yake ifurahi. Akafika getini akasikia kelele ndani. Akaingia awaone wasaliti ni akina nani. Akakuta majirani zake wote, wamevuta kofia mpaka puani, kila mmoja amekuja kuutazama uwanja mtupu.

Hata hivyo wangeweza kutoka. Hawakutoka, kwa sababu mpira ulikuwa umeshaanza, na wewe unatujua. Kipindi cha pili Gogo akafunga. Ndiyo, Gogo, beki wetu wa kati, yule uliyesema hata mlango wa nyumba yake hawezi kuulenga. Wanasema halijawahi kuonekana bao kama lile katika uwanja ule. Watu wakasahau kofia, wakasahau kiapo, wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Tajiri akaingia katikati ya uwanja na kipaza sauti, wale wakubwa wa shirikisho wako pembeni yake. Akatoa shukrani. Akasema aliambiwa mashabiki hawana imani naye tena, basi wageni na watazame wenyewe kwa macho yao. Wageni wakatazama. Watu wote wale walibaki midomo wazi, hakuna aliyezomea, kwa maana utazomea nini nawe umejaa tele kwenye benchi lake? Wiki hiyohiyo ruhusa ikatoka.

Tangu siku ile Baba akipita mtaani watu wanavuka upande wa pili. Yeye hamgombezi mtu. Kinyozi alikuja hapa akalia, Baba akampa kitambaa cha kujifutia na kumuuliza habari za watoto wake. Kitu kimoja tu ndicho kinachomshikilia Baba asianguke. Anasema nyumba yake haikutoa mtu wa kuingia uwanjani. Anamwambia mleta maji, anamwambia Mama, anajiambia mwenyewe akinyoa ndevu: watu wote waliingia, nyumba yangu haikutoa mtu. Na akisema hivyo ananitazama mimi.

Kaka, nilikuwepo.

Tanuri halikuwa na kasoro yoyote. Nilijifunga mtandio wa Mama, nikavaa miwani ya jua, nikajiambia nafika getini tu kisha narudi. Mengine umeshayasoma, nimeyaandika kama ya watu wengine ilhali ni yangu. Niliketi karibu na bwana mmoja aliyeinua kola ya koti mpaka masikioni. Alipopiga chafya nikamtambua ni Kinyozi. Hatukusalimiana. Lakini Gogo alipofunga, mimi ndiye niliyeruka kwanza, nikamkumbatia Kinyozi, mtandio ukaanguka huko, nikapiga kelele kama mwendawazimu. Na Tajiri aliposema shukrani zake nilikitazama kiganja changu. Yeye aligusa ngoma akavunja. Mimi niligusa ngoma nikavunja. Niambie wewe uliyesoma, mimi na yeye tunatofautiana nini, ukiacha gari?

Nilipofika hapa katika kuandika, Baba ameingia chumbani. Ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Amefurahi, amesema nikusalimie sana, halafu nikuandikie kwamba watu wote waliingia ila nyumba yetu haikutoa mtu. Kalamu imegoma, Kaka. Naiacha kidogo.

Nimerudi. Uniwie radhi kwa mwandiko.

Nimemwambia yote, nimesimama hapohapo mbele yake. Amekaa kitandani kwangu. Nilingoja kofi, au nifukuzwe, na vyote nilivistahili. Yeye akaniuliza lile bao lilifungwaje.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Akasema siku ile alisikia mlio umepita juu ya mapaa, akajua papo hapo ni bao letu. Akauinua mkono juu ya ngoma. Halafu akaushusha, kwa sababu uwanjani hakukupaswa kuwa na mtu wa kupiga kelele. Na tangu hapo hakuna aliyemsimulia, kwa kuwa kila aliyeliona anamwogopa. Bao la mwisho la uwanja ule, Kaka, na mtu pekee aliyetimiza neno lake ndiye pekee ambaye hakuliona.

Basi nikampangia sakafuni. Kitana kikawa goli, viatu vyangu mabeki, kifungo cha koti mpira. Nikamwonyesha kona ilivyopigwa, mpira ulivyomgonga kipa wao na kurudi nje ya boksi, Gogo alivyoupokea. Akauliza kwa mguu gani. Nikamwambia wa kushoto. Akakataa, akasema Gogo mguu wa kushoto huutumia kusimamia tu. Nikamwapia. Hapo nikanyamaza, kwa maana kiapo changu tena cha nini. Lakini yeye akaniambia nirudie, polepole. Nimerudia, nimerudia tena, na machozi yanamtoka hayafuti. Kwamba amenisamehe hakusema, nami sikuthubutu kumuuliza.

Akainuka akaenda sebuleni. Nikaisikia ngoma, pigo moja zito, lile la bao. Mama kutoka jikoni akauliza nani amefunga.

Nimemfuata kumuuliza sasa nikuandikie salamu gani kutoka kwake, maana zile za kwanza haziwezekani tena. Amefikiri. Amesema nikuambie lilikuwa la mguu wa kushoto.

Mama anakusalimia, anasema usisahau kula na usivae soksi mbichi. Kinyozi naye anakusalimia, ingawa hajui kwamba nimekuandikia habari za chafya yake. Ukipata nafasi tuandikie, na bahasha uiandike jina la Baba, atafurahi kuifungua mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kiberiti