Zamu ya Asubuhi

Jumatatu, 6 Januari
Leo tumechagua zamu za mwaka. Hapa uwanja wa ndege wa O'Hare mkongwe wa kazi huchagua kwanza, mgeni mwisho. Mimi na rafiki yangu Denise tuliajiriwa siku moja, kwa hiyo hutazamwa nani kazaliwa kwanza. Mwaka ni mmoja, ila yeye Agosti, mimi Novemba. Bahati yangu hiyo!

Asubuhi ilibaki nafasi moja. Denise anajua ninavyoihitaji. Kiza kikiingia Mama huvaa ndara na kutoka kwenye theluji kumtafuta Baba—Baba aliyekufa zamani. Nisipokuwepo jioni, nani atamzuia? Denise aliniahidi mezani kwangu, mdomo umejaa pierogi zangu za unga na viazi: usijali dada, hiyo yako.

Kaitwa. Kaichukua! Kisha huyoo, mbio kupakia mizigo ya ndege ya Boston, hata kunitazama hakunitazama. Mimi nimepata jioni, kuanzia Jumapili.

Jumanne, 7 Januari
Sikulala kwa hasira. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tumepakia ndege ya Dallas. Denise kwenye mkanda wa mizigo anarusha masanduku, mimi tumboni mwa ndege, nimepiga magoti, nayapokea. Akaita: Wanda, tuongee tukipumzika. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba siongei na mwizi. Halafu nikaongeza: ndiyo maana hata wanao hawakupigii simu.

Lonnie tu, yule aliyehamia kutoka Denver, ndiye aliyecheka. Vizuri! Na aumie kama mimi.

Jumatano, 8 Januari
Theluji. Ndege zimekwama, tukalazimishwa kubaki hadi jioni. Jirani amemkuta Mama kituo cha basi, vidole vya miguu vimekuwa vya bluu. Kuanzia Jumapili ndivyo itakavyokuwa kila siku. Asante, Denise! Asante sana!

Ijumaa, 10 Januari
Naandika chumba cha mapumziko.

Lonnie kaja na kahawa yake, analalamika. Ati rafiki yako kaniharibia mwaka. Nikauliza kivipi. Kumbe naye aliajiriwa siku ileile, huko Denver, na ukongwe wake kahama nao. Kazaliwa Oktoba. Katikati yetu! Denise angeiacha ile nafasi, angeichukua Lonnie, si mimi. Denise aligundua hilo asubuhi ileile ya kuchagua. Kaichukua ili baadaye tubadilishane, mimi na yeye. Lonnie anasema Denise alishamwuliza msimamizi, akaambiwa ruksa, mwisho leo.

Mjinga mimi! Na yeye je? Neno moja tu, angekufa?

Nikamfuata kwenye makabati.

"Ungeniambia palepale, Denise!"

"Nilikuita tuongee. Ukaniita mwizi."

"Nilidhani—"

"Ungeniuliza! La zamu ningelisahau kabla ya chakula, Wanda. Wanangu walikukosea nini?"

Nikakasirika zaidi, maana ana haki. Nikapiga kabati teke. Sasa kidole kinaniuma, na sijaomba radhi.

Msimamizi kaingia, kashavaa koti. Kauliza: jamani, kuna wa kubadilishana zamu, au niende zangu? Lonnie ananitazama. Denise yuko kwenye mashine ya kahawa, kanipa mgongo. Kikombe chake kimeshajaa. Hajageuka. Hajatoka pia.

Msimamizi anauliza mara ya pili. Wanda, simama! Weka kalamu chini, mwanamke, sema kitu—